Masweta Matatu ya Tabea

Tabea anauza viazi Makambako. Kutwa huketi kwenye stuli karibu na mizani ya magunia. Mji una upepo na baridi, kwa hiyo chai ya sukari haikosekani.

Mwaka jana alikwenda kijijini Kichiwa kumsaidia mama yake kuvuna. Alifika nusu ya mlima wa kwenda shambani, pumzi zikamwishia. Akaketi njiani mpaka mama, mwenye mvi kichwa kizima, aliposhuka na ndoo ya viazi. Tabea aliona aibu sana. Aliogopa pia.

Aliporudi mjini aliamua kupungua. Asubuhi moja alijipima kwenye mizani ya viazi, akavaa masweta matatu na koti, akatembea polepole mpaka akalowa jasho. Kisha akavua, akapanda tena kwenye mizani. Kilo moja ilikuwa imepungua. Kwa furaha akanywa maji, akashushia na chai. Mchana akajipima tena.

Jioni alimfuata jirani yake Eveline, muuguzi wa zahanati.

"Asubuhi nimetembea na masweta matatu, nikapoteza kilo, mchana imenirudia," alisema. "Ilikuwa imekwenda wapi?"

"Ulipoteza maji, dada, si mafuta," Eveline alijibu. "Ukinywa, yanarudi. Achana na hayo masweta, yatakudhuru."

Tabea hakuchoka kuuliza. Eveline akamweleza kuwa mazoezi hayafanani. Kutembea haraka huimarisha moyo na mapafu. Kuinua vitu na kuchuchumaa hujenga misuli. Kunyoosha viungo huufanya mwili uwe mwepesi kujikunja. Yote husaidia kupunguza uzito, lakini sahani nayo ina neno lake: ugali upungue, mboga ziongezeke.

"Nitajuaje kama natembea haraka vya kutosha?"

"Uweze kuongea, lakini usiweze kuimba."

Walipima presha kwanza, ikawa sawa. Basi Tabea akawa anatembea huku akijaribu wimbo wa kwaya. Akimaliza ubeti, alijua anajivuta, akaongeza mwendo. Dukani aliinuka na kuketi, kuinuka na kuketi, kwenye stuli ileile. Wateja walimtania kwamba amekalia siafu.

Mavuno yalipofika, mizani ilionyesha amepungua kidogo tu. Akaenda Kichiwa hivyo hivyo. Alipanda mlima wote akihema, bila kuketi. Shambani alimkuta mama akijaza ndoo.

"Lete, mama," alisema.

Mama alimtazama kwanza, kisha akampa. Wakashuka pamoja, mama mikono mitupu.