Breki za Gari la Baba

Tusekile aliishi Mbeya na mama yake. Nyumba yao ilikuwa na geti la bluu.

Uani kulikuwa na gari kuukuu la kijivu. Lilikuwa gari la Baba.

Zamani, Baba aliporudi jioni, gari lililia getini.
Kwiii... kwiii...
Tusekile alikimbia. Baba amekuja.

Kisha Baba akaugua. Akaugua sana. Akafariki.

Sasa Mama ndiye aliyeendesha gari. Jioni lililia vilevile.
Kwiii... kwiii...
Tusekile alikimbia. Gari limekuja. Baba hakuja.

Jumamosi moja Mama alivaa ovaroli ya Baba. Akakunja mikono ya ovaroli iliyomzidi urefu.

"Padi za breki za nyuma zimelika, ndiyo maana gari linalia," alisema. "Padi ndizo zinazobana, gurudumu likasimama. Leo tunaweka mpya."

"Na gari litaacha kulia?" Tusekile aliuliza.

"Litaacha, mwanangu."

Tusekile alilitazama boksi la padi mpya.

Mama aliweka mawe kwenye magurudumu ya mbele. Akalegeza nati. Akazungusha jeki.
Kri, kri, kri.
Gari likainuka nyuma. Tairi likatoka.

"Tuse, niletee boksi la padi."

Hakuja mtu.

"Tuse?"

Mama alimtafuta jikoni. Akamtafuta sebuleni. Akamkuta chini ya kitanda, amelikumbatia boksi.

Mama akalala sakafuni, karibu naye.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Gari likiacha kulia," alisema Tusekile, "Baba atanyamaza kabisa."

Mama alimshika mkono. Chozi likamdondoka.

"Hata mimi nikilisikia, moyo unaruka," alisema. "Nasahau kwamba ninayeendesha ni mimi."

Akamfuta Tusekile uso.

"Lakini padi zikiisha, gari halitasimama. Nitaumia. Nami nataka kurudi kwako."

Tusekile aliwaza. Akalisukuma boksi kwa Mama, polepole.

"Tulisikilize mara ya mwisho," alisema.

Basi Mama akarudisha tairi. Akakaza nati zote. Akashusha jeki.
Kri, kri, kri.

Mama akaondoa mawe, wakapanda garini. Wakaenda taratibu mpaka getini. Mama akakanyaga breki.
Kwiii... kwiii...

"Kwaheri, Baba," alisema Tusekile.

Wakarudi uani. Mama akaanza kazi upya.

Padi kuukuu zilikuwa nyembamba kama biskuti. Mpya zilikuwa nene. Tusekile alizishika, akampa Mama moja moja.

Mama alifunga magurudumu yote mawili ya nyuma, akashusha jeki, akaondoa mawe. Akaingia garini, akakanyaga pedali ya breki tena na tena, mpaka ikawa ngumu.

Wakaenda tena getini. Mama akakanyaga breki.

Gari likasimama. Halikulia.

Tusekile akalia. Mama akamkumbatia. Hakumwambia anyamaze.

Usiku Tusekile alilala kitandani kwa Mama. Mikono yao ilinukia sabuni, na grisi kidogo.

"Mama, Baba alikuwa anachekaje?"

Mama alijaribu. "Ha ha ha."

"Siyo hivyo. Alianza kwa kukohoa."

Tusekile akamwonyesha.
Khe... khe... he he heee.

Mama alimtazama. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tusekile naye akacheka.

"Rudia," Mama alinong'ona.

Tusekile akarudia, taratibu, mpaka Mama akasinzia.
Khe... khe... he he heee.

Naye akalala.