Simu Bila Jina

Lori lilikuwa limeshatoka getini, limebeba meza, viti, kabati na mashine za Ofisi ya Pamoja, ndipo Fahmo akapiga kelele ndani. Dereva hakusikia. Alishashika lami, anaondoka Isiolo na ofisi nzima mgongoni.

Inspekta Abdighani alifika na Sajini Huka. Chumba cha mashine kilikuwa kitupu. Kilichobaki ni rafu moja ya chuma iliyopigiliwa ukutani, na chini yake maiti ya Guleid, meneja wa ofisi.

"Nani amemgusa?"

"Si mimi, afande," alisema Fahmo, msichana aliyekuwa akipokea simu za dharura. "Nilikuja kumpa funguo. Nikamkuta hivyo."

Abdighani alichuchumaa. Jeraha kisogoni. Damu kwenye kona ya rafu. Kifungo cha shati kimekatika. Mtu alisukumwa, akaanguka kinyumenyume, na hakupigwa tena.

Lakini hakulala kama mtu aliyeanguka. Alilazwa ubavu wa kulia, uso umeelekezwa Kibla, macho yamefumbwa. Chini ya kichwa koti lake mwenyewe, limekunjwa vizuri.

"Huka, umewahi kuona mwizi akimlaza mtu hivi?"

"Mwizi wa wapi, afande? Mwizi wa hapa angebeba hata viatu."

"Kuna kilichopotea?"

"Diski," Fahmo alisema. "Zilikuwa mbili, nyeusi, zinafanana. Moja ya mishahara, nyingine ya sauti za simu. Moja meneja alimpa dereva, akarudi kuchukua ya pili. Hiyo ya pili siioni."

Ofisi ile ilikuwa mtoto wa mabaraza matatu. Wakubwa walikaa wakaulizana: kwa nini kila baraza liwe na karani wake wa mishahara, wa ununuzi na wa simu za wagonjwa? Tuweke ofisi moja, itutumikie sote. Wakaianzisha Isiolo, na sasa walikuwa wanaihamishia mji jirani kwenye jengo kubwa zaidi. Mgonjwa wa kijiji cha Biliqo aliyekuwa akipiga simu hospitali ya Merti na kupokewa na watu wanaomjua, siku hizi hupokewa na ofisi hiyo.

Lori lilizuiwa kwenye kizuizi cha polisi, likarudishwa. Dereva Abdirahim alishuka akinung'unika.

"Mimi nimebeba meza, afande. Sijabeba damu ya mtu."

"Guleid ulimwacha vipi?"

"Mzima kuliko mimi. Alinipa hii diski mkononi, akaniambia, 'Iweke mbele, usiiangushe, mimi nakuja na gari dogo.'"

"Nani alikufungulia geti?"

"Nilijifungulia. Mzee Yattani hakuwa kwa kiti chake. Nikasema labda ameenda kutawadha."

Abdighani alitazama nje. Yattani, bawabu, alikuwa amekaa kwenye kiti chake sasa, fimbo magotini. Tangu polisi waingie hakuuliza nani amekufa.

Fahmo alichomeka diski ya dereva kwenye kompyuta. Ilikuwa ya sauti. Iliyopotea ilikuwa ya mishahara.

"Basi ni pesa," Huka alisema. "Humo kuna wafanyakazi hewa, mtu anawaficha."

"Mwizi wa pesa hakunjii maiti koti. Kama zinafanana, pengine alitaka hii akabeba ile." Abdighani alimgeukia Fahmo. "Humu kuna sauti gani ambayo mtu angeitaka hivyo?"

Fahmo alifunika uso kwa buibui lake.

"Kuna mama alipiga kutoka Biliqo. Uchungu umemshika, anavuja damu. Mashine inataka jina la mwenye boma. Bila jina haisongi mbele, na gari haliwezi kutumwa. Nikamuuliza. Akasema, 'Boma la baba ya bwana yangu.' Nikamwambia, dada, taja jina tu. Akasema hawezi."

"Hawezi vipi?"

Huka ndiye aliyejibu, sauti imeshuka. "Afande, wewe ni wa mjini. Kwetu mke hataji jina la mkwe wake. Hata nyumba ikiungua. Pale Merti wasingemuuliza."

"Ukafanya nini, Fahmo?"

"Nikamwambia angoje, nikaenda kwa meneja. Akaniambia jaza kwanza, hii si ofisi ya mtu mmoja, ni ya mabaraza matatu, utaratibu ni mmoja. Niliporudi simu ilikuwa imekatika. Alikufa, na mtoto tumboni. Mumewe alikuja kuuliza, meneja akamwambia hakuna simu iliyoingia. Nilinyamaza, afande. Niliogopa kazi."

"Mumewe ni nani?"

"Liban. Mtoto wa Mzee Yattani."

Walitoka nje. Yattani hakusimama.

"Salaam aleikum, mzee."

"Aleikum salaam. Mmekawia."

"Diski iko wapi?"

Alionyesha kibanda chake kwa fimbo. Huka aliikuta ndani ya mswala, imeviringwa kama kitu cha kuvunjika.

"Ulimuua Guleid?"

"Nilimsukuma. Sikutaka afe, lakini alikufa mkononi mwangu. Nikamlaza."

"Kwa nini?"

"Liban aliwahi kumnunulia mkewe, Sabdio, simu, akamwambia, nikiwa mbali na ngamia, wewe piga. Alipoambiwa hapa hakuna simu iliyopigwa, alirudi nyumbani akalitukana kaburi. Anasema mwanamke alikuwa na simu mkononi akaua mtoto kwa uzembe. Mtoto wangu analaani mke aliyemheshimu baba yake mpaka kufa."

"Ulijuaje kwamba alipiga?"

"Mama yake mzazi alimsikia akikataa kulitaja jina langu, kisha akakimbia kuita watu; ndiye aliyeniambia. Liban hamwamini, anasema anamfunika binti yake. Nikataka asikie mwenyewe. Leo nilimwambia Guleid, wewe ni Mwislamu, nisikilizishe ile sauti kabla hamjahama. Akasema huko tunakoenda tutafuta zote. Akasema, 'Mzee, simu bila jina si simu.' Unajua nilikuwa wapi siku ile? Hapa. Kwenye kiti hiki. Simu ilikuwa inalia humo ndani. Wangefungua dirisha tu waniulize, mzee, boma lako ni lipi?"

"Yeye hangekupigia wewe?"

"Mambo ya uzazi? Mkwe hapigiwi."

Huka aligeuka akatazama ukuta.

"Mzee," Abdighani alisema, "uliyochukua ni ya mishahara. Sauti ziko kwa ile nyingine."

Yattani aliligeukia lile lori. "Sikusoma," alisema. "Nilibeba iliyokuwa mkononi mwake."

Kabla ya pingu, inspekta alimwingiza ndani. Haikuwa kwenye kanuni. Walimketisha sakafuni kwa kuwa viti vilikuwa vimeshapakiwa. Fahmo aliitafuta ile simu, akaiwasha.

Ilisikika pumzi. Ilisikika Fahmo akiuliza jina, mara nyingi, kwa upole kisha kwa ukali. Halafu, "Ngoja," na muziki wa kungojea ukaanza, kinanda cha furaha. Mashine ilikuwa imeendelea kurekodi. Chini ya muziki, Sabdio alikuwa akilia. Kisha akanyamaza. Kisha kwa sauti ndogo, kama mtu anayevua nguo mbele za watu, akasema:

"Yattani. Ni boma la Yattani. Nisamehe, baba. Yattani."

Aliendelea kulisema. Muziki uliendelea kupigwa. Kisha simu ikakatika.

Mzee aliinama mpaka paji la uso likagusa sementi. "Nimekusamehe," alisema kwa Kiborana. Huka alilitafsiri hilo baadaye, kwenye taarifa.

Guleid alizikwa jioni hiyo hiyo. Ameacha mke na watoto wadogo, na ndugu zake walikataa fidia. Yattani alikiri kuua bila kukusudia, akafungwa miaka saba, na mwaka wa pili akafia gerezani kwa ugonjwa wa kifua. Liban alisikilizishwa sauti kituoni; aliuza ngamia wote na hajaonekana tena Biliqo. Fahmo aliacha kazi, anauza nguo Kinna. Huka bado ni sajini. Abdighani alipewa onyo kwa maandishi, kisha uhamisho. Ofisi ya Pamoja ilifunguliwa kwenye jengo jipya, na baraza la nne limeomba kujiunga.