Mpiga Gitaa Mbishi na Transfoma ya Mkewe

Ndugu zangu, nyumba hii ilikuwa na amani. Mtoto alikuwa amelala kwenye kochi, ngumi mdomoni. Baba yake, mpiga gitaa wa bendi, alikuwa akifanya mazoezi, taa za kioo za amplifaya yake kuukuu zikiwaka rangi ya kaa la moto. Mtoto akajigeuza. Baba, kwa huruma, akachomoa waya wa spika, akaendelea kucharaza kwa nguvu.

"Mume wangu, zima kwanza!" mkewe akanong'ona. "Umeme ukikosa spika hurudi nyuma kwa kishindo, utatoboa nyaya za transfoma iliyo ndani ya amplifaya."

"Kelele haipo, hatari itoke wapi? Hiyo shule yako ya jioni ya ufundi umeme inafundisha woga tu, mama."

Mnacheka? Nani hana mbishi wake nyumbani?

Harufu ya kuungua ikajibu badala ya mke: transfoma imeungua. Transfoma za aina ile hazikuuzwa tena popote. Bwana akawa hana cha kupigia, bendi ikampa mwingine nafasi yake. Akaanza kununa. Chakula kikichelewa, anafoka. Mtoto akilia, anatoka.

Mke hakumsimanga. Aliisuka upya transfoma kwa mkono, waya mwembamba kama unywele, huku mtoto akinyonya. Kisha akafunga rezista kubwa kwenye tundu la spika, umeme upate pa kwenda hata spika isipokuwepo, na kwenye transfoma yenyewe akaweka vidude vya kumeza umeme unaoruka.

Bendi ikakubali kumjaribu tena. Ukumbi umejaa, wimbo umekolea, kiongozi wa bendi akajikwaa kwenye waya wa spika. Ukachomoka. Kimya!

Mpiga gitaa akairukia swichi, akazima. Akamtazama mkewe aliyekaa safu ya mbele ya watazamaji.

"Mama, imekufa?"

"Haijafa. Chomeka spika, washa, upige."

Taa zikawaka. Gitaa likalia hata madirisha yakatetemeka, ukumbi mzima ukasimama.

"Nani kakutengenezea chombo hiki?" kiongozi akauliza.

"Mke wangu. Na nikibishana naye tena, nifukuzeni!"

"Nafasi yako hiyo, chukua. Ila yeye ndiye tunayemhitaji zaidi!"

FUNZO

Ubishi hula riziki ya nyumba. Mwenzio akisema "zima kwanza," zima, maswali baadaye. Nawe unayejua, usiishie kuonya. Weka kinga mapema, maana binadamu husahau na waya huchomoka. Na amplifaya ya taa, jamani, isipigwe kamwe bila spika.