Mkono Uliombana Waweru Koo

Dada yangu Murugi si mtu wa kutishwa ovyo. Kazi yake ni kuwalaza wagonjwa kwa dawa ya usingizi kabla ya upasuaji, halafu kuwapitishia mpira kooni ili wapumue. Asubuhi hiyo alikunywa chai kwa nduma, akaenda kazini akiimba.

Mchana wakamletea Waweru, jirani yetu wa Giakanja, utumbo umejisokota. Mwezi huo alikuwa amemzika mkewe Njoki, ati alijinyonga. Mchungaji alikataa kuja, maana kwetu aliyejiua haombewi, basi Njoki akafukiwa pembeni mwa shamba kama mbwa. Nililia kwa hasira. Njoki wa watu, aliyetukamulia maziwa miaka yote kwa mkono usio na kidole cha kati, kilichokatwa na mashine ya nyasi!

Mgonjwa wa tumbo hubanwa koo kidogo na msaidizi, matapishi yasipande mpira ukipita. Nesi Muthomi akabana. Dawa ikaingia, Waweru akalegea. Murugi akamfungua mdomo, akamulika. Njia ilikuwa imefungwa. Akasukuma. Jino likavunjika. Damu ikajaa mdomo, na uso ukaanza kuwa mweusi.

"Muthomi, toa mkono," akanong'ona.

"Daktari, nilitoa kitambo."

Mikono ya Muthomi ilikuwa hewani. Lakini koo lilikuwa bado limebonyea. Likabonyea zaidi. Kitu kikavunjika ndani kama muwa.

Ilibaki njia moja tu ya kumwokoa. Murugi akashika kisu, akalipasua koo kwa mbele. Damu ikaruka hadi kwenye taa. Alipotaka kuingiza mpira kwenye lile tundu, akashikwa mkono. Kwa nguvu. Hakuona mtu.

Tundu likatoa pumzi. Ilikuwa sauti ya mwanamke, polepole, kwa Kikuyu.

"Wacha. Nilimwomba pumzi, akaninyima."

Waweru akafa hapo hapo. Jumapili mchungaji alikuja mwenyewe kumwombea Njoki, na hakuna aliyemwita.

Siku hizi Murugi huvaa nguo za mikono mirefu. Nimeziona alama za pale aliposhikwa: gumba, vidole vitatu, na pengo katikati. Haziumi, anasema, ila huganda kama barafu akiwashika wanaume fulani.

Juzi alimsalimia mume wangu, akauvuta mkono haraka. Nimemuuliza sababu. Amekataa kuniambia.