Stata Haijafa

Kila asubuhi mama mmoja mshonaji hupakia sare kwenye gari lake kuukuu. Gari hilo aliachiwa na marehemu baba yake. Kisha humshika mkono mumewe, aliyevunjika mguu, akamkalisha mbele. Hospitali iko mbali, na kwa magongo hafiki.

Jumatatu moja alizungusha ufunguo. Ta! Mlio mmoja tu, kimya. Akarudia. Ta!

Aliitwa fundi wa gereji ya kona. Hakufungua hata boneti. Aliligonga gari kwa kidole.

"Stata imekufa, mama. Na stata za gari la zamani namna hii hazipatikani. Niuzie mimi gari hili kama chuma chakavu. Kesho nakuja kulivuta."

"Umejuaje, na hujatazama ndani?"

"Mama, wewe shughulika na cherehani yako."

Mshonaji aliingia ndani kwa hasira. "Amenifanya mjinga mlangoni kwangu!"

"Usilie, pambana," mumewe alisema. "Mwite Bi Spana."

Bi Spana ni jirani yao. Alitengeneza umeme wa mabasi miaka ishirini kabla ya kustaafu. Alipoambiwa maneno ya fundi, alisonya kwa nguvu.

"Stata ni mota inayozungusha injini ili iwake," alieleza. "Kabla ya kuilaumu, tunapima. Weka gia huru, vuta breki ya mkono. Vua pete na bangili. Washa taa za mbele, kisha zungusha ufunguo."

Ta! Taa hazikufifia.

"Betri ina nguvu," alisema Bi Spana. "Zingefifia, tungeanza na betri. Umeme upo, ila njiani unakwama."

Akachukua waya mnene. Ncha moja akaibana kwenye upande hasi wa betri. Nyingine akaibana kwenye chuma kitupu cha injini.

"Haya, jaribu sasa."

Injini ikanguruma. Mume wa mshonaji, aliyekuwa akiwatazama kibarazani, alipiga kelele za furaha, gongo likamponyoka.

"Mmeona? Stata ni nzima. Mbovu ni huu hapa." Bi Spana alionyesha waya bapa unaounganisha injini na bodi. Ulikuwa umeota kutu ya kijani. "Umeme wa stata hurudi kwenye betri kwa kupitia hapa."

Wakazima gari, wakautoa ule waya mnene. Mshonaji mwenyewe alifungua kwanza waya wa hasi wa betri, ili kusiruke cheche. Akautoa waya wa kijani, akausugua kwa msasa ncha zote mbili mpaka zikang'aa, akaukaza vizuri. Waya wa hasi akaurudisha mwisho. Akazungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja.

Kesho yake fundi alikuja na kamba ya kuvutia. Akaikuta injini inanguruma.

"Bahati tu hiyo," alisema.

"Bahati?" Mshonaji alimsogelea. "Uliona gari bado zima, ukaona mwanamke na mgonjwa, ukasema umepata cha bure! Ungetazama dakika tano tu, ungeona kutu. Aibu haikushiki?"

Majirani walikuwa wamejaa getini. Fundi alikunja kamba yake akaondoka bila kuaga.

Mshonaji alimpeleka mumewe hospitali siku hiyo hiyo. Wiki ile ile dereva wa teksi wa mtaa huo aliambiwa gerejini kwamba stata yake imekufa. Alivuta kiti, akaketi mbele ya fundi.

"Sawa," alisema. "Pima nikiona."