Mwizi Aliyetengeneza Alichoiba

Droo ilikuwa wazi, kufuli lake likiwa zima juu ya meza, na kifaa hakipo. Inspekta alikuwa amekizunguka chumba cha fundi tangu asubuhi, na kilichomwingia mkononi ni vumbi tu.

"Nieleze tena. Kifaa gani?"

"Cha mfukoni, afande. Chipu moja, kioo kidogo, betri. Kinanusa mitandao ya waifai iliyo karibu, kinakuonyesha nguvu ya kila mmoja. Wanunuzi wanakuja mchana. Bila hicho nimekwisha."

"Ufunguo wa droo anao nani?"

"Mimi na dada yangu mdogo."

Dada mtu alikuwa konani, anamenya waya. "Mimi sijui kitu," alisema, wala hajaulizwa.

Alama za vidole zilikuwa zao wawili tu. Jirani hakuona, hakusikia. Inspekta alikereka. Kesi za ndugu zilimchosha kuliko za majambazi, maana kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo hakuna anayekubali kuivua mbele ya polisi.

Hatimaye konstebo aliyekuja naye alikitoa kifaa kwenye gunia la mabaki ya waya, nyuma ya mlango. Inspekta akakiwasha. Majina ya mitandao yakajaa kioo, hadi ya hoteli ya mwisho wa mtaa.

Fundi alikodoa macho. "Haiwezekani. Jana kilikuwa hakioni nje ya chumba hiki. Nimehangaika nacho wiki nzima."

"Kwa hiyo mwizi amekitengeneza kabla ya kukificha." Inspekta alimgeukia dada. "Mwizi gani ana moyo wa namna hiyo?"

Waya ukamponyoka dada mkononi.

"Nilitaka kukivunja," alisema. "Nikakiwasha mara ya mwisho. Kaka alikuwa ameilaza antena juu ya betri, na betri inaizibia mawimbi. Nikaihamishia ukingoni. Sikuweza kukiacha kinaumwa na dawa yake naijua."

"Kwa nini ukivunje?"

"Nimekibuni mimi. Programu nimeandika mimi. Juzi namsikia anawaambia wanunuzi kazi yangu hapa ni kufagia."

"Mwizi ni mwizi, afande," fundi alifoka. "Nataka kesi."

"Utaipata," alisema Inspekta, na hasira zake za tangu asubuhi zikapata pa kwenda. "Ila mbele ya hakimu utaapa kwamba umekiunda wewe, kwa mikono yako. Uko tayari?"

Fundi alikichukua kifaa mkononi mwa Inspekta. Akamtazama dada yake, akamkabidhi.

"Wanunuzi wakija," alimwambia kwa sauti ya chini, "zungumza nao wewe."