Anapokaa Monique

Mbambu alimwambia mtu asiyemjua mahali anapokaa Monique, mwanafunzi mwenzake. Kesho yake asubuhi wanajeshi walifika kwenye chumba cha Monique, wakavunja mlango na kuchukua cherehani yake. Hawakumkamata, kwa sababu alikuwa bombani akichota maji. Alipowaona kwa mbali aliacha ndoo palepale akaondoka.

Hayo yalitokea Bukoto, Kampala, mwaka 1974, wakati Uganda ilipotawaliwa na wanajeshi. Siku hizo mtu akichukuliwa kwa gari, ndugu zake hawakuuliza atarudi lini. Waliuliza kama atarudi.

Mbambu alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Wazazi wake walikuwa Wanande, kabila moja na Monique, waliotoka Beni, ng'ambo ya mpaka wa magharibi, nao hawakuwa na ada ya sekondari. Kwa hiyo alisoma katika chuo kidogo cha mtaa, nyuma ya kanisa. Chuo kilifundisha ushonaji na useremala, na watoto walisoma pamoja na watu wazima. Kila asubuhi wanafunzi walifagia ua na kupanga mabenchi, kisha mmoja wao akakaa langoni kupokea wageni. Mkuu wa chuo, Bwana Oketch, alikuwa seremala kutoka Kenya, mtu wa maneno machache.

Zamu ya langoni ilikuwa ya Mbambu alipofika mwanamume mmoja aliyevaa shati safi. Alimsalimu kwa Kiswahili cha kwao: "Jambo, mutoto wa kwetu. Muko salama?"

Kosa lilianzia hapo. Waganda wengi waliposikia Kiswahili mlangoni walinyamaza, maana ndiyo lugha waliyoisikia kwa wanajeshi na polisi. Kwa Mbambu ilikuwa lugha ya mama yake sokoni, na lugha ya nyimbo za Jumapili. Aliposikia salamu ile moyo wake ulifunguka. Mtu yule alisema ana mzigo wa Monique kutoka Beni. Mbambu akamweleza njia yote, mpaka rangi ya mlango.

Waliotafuta nyumba ile hawakumtaka Monique mwenyewe. Walimtaka kaka yake, Zéphyrin, mwenye lori la kubebea samaki. Ofisa mmoja wa jeshi alilitamani lori hilo. Zéphyrin alikataa kulitoa, basi akasingiziwa kuwa anafanya magendo. Alijificha, na aliyejua alipo ni dada yake tu.

Habari za mlango kuvunjwa zilifika chuoni mapema. Wanafunzi waliulizana ni nani aliyesema. Mbambu aliinamia kitambaa chake, sindano ikamchoma kidole zaidi ya mara moja. Wakati wa chakula alikwenda karakana akamwambia Bwana Oketch kila kitu, akitarajia fimbo.

Bwana Oketch aliweka randa chini. "Ulimwuliza Monique kabla ya kusema?"

"Hapana, mwalimu. Yule alikuwa mtu wa kwetu."

"Awe wa kwenu, awe wa kwetu. Nyumba ni ya Monique. Yeye ndiye wa kuulizwa."

Hakumpiga. Alimwambia akayaseme hayohayo mbele ya wenzake na mbele ya Monique, ambaye mchana ule alikuwa ameingia chuoni kwa kupitia kanisani. Hilo lilikuwa gumu kuliko fimbo. Monique alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia dirishani. Akoth, aliyekaa benchi moja na Mbambu, alisema kwamba huyu ukimwuliza jina la mbwa wa jirani atakutajia na la babu yake mbwa. Darasa likacheka.

Bi Loice, mwalimu wa ushonaji, aliogopa. Alishauri Monique aache masomo ili wengine wasalimike. Bwana Oketch alikataa. Alisema chuo kikimfukuza mwanafunzi kwa sababu anawindwa, kimemsaidia mwindaji. Badala yake aliweka kanuni, akairudia mpaka kila mmoja akaijua kwa moyo. Mgeni yeyote apewe kiti na maji. Asiambiwe mwanafunzi anakaa wapi, wala kama yupo. Mwanafunzi aulizwe kwanza, kando, na asipotaka kuonana na mgeni, basi mgeni aache ujumbe. Kanuni hiyo ilimhusu kila mtu, awe mzazi, padri au askari. Monique naye aliambiwa asimtajie mtu yeyote chuoni mahali atakapohamia, hata mkuu mwenyewe.

"Nisichokijua hakiwezi kunitoka," alisema Bwana Oketch.

Bi Loice alinung'unika kwamba watu watawaona hawana adabu. Kumnyima mgeni njia ya kwa ndugu yake ni aibu. Bwana Oketch akamjibu kwamba adabu ni kile kiti na yale maji.

Siku chache baadaye alikuja mgeni mwingine. Safari hii alikuwa mzee mwenye kofia kuukuu na mkongojo, miguu imejaa vumbi. Mbambu alikuwa langoni tena. Mzee alisema yeye ni baba mkubwa wa Monique, ametoka Beni kwa basi. Mama yake Monique yuko kitandani, hali chakula, na anamwita mwanawe kabla hajakata roho. Machozi yalimlengalenga.

Mbambu alimpa kiti na maji. Je, kama ni kweli? Kama Monique atamkosa mama yake kwa sababu ya kanuni ya chuo, nani atamwambia pole?

"Nionyeshe anapokaa, binti yangu," mzee alisema. "Nitatembea mwenyewe polepole."

"Samahani, baba. Hatuonyeshi anapokaa mwanafunzi yeyote. Naweza kupeleka ujumbe kwa mkuu."

Sauti ya mzee ikabadilika. "Tangu lini mtoto wa Kinande anamhoji mzee kama polisi? Mama yako alikulea au alikuokota?"

Neno hilo lilimchoma Mbambu, lakini hakuondoka kwenye kanuni. Aliuliza kwa heshima, "Niseme ni nani amekuja, baba?"

"Kasereka. Mimi na baba yake, Paluku, tumelala tumbo moja. Mimi ndiye mkubwa."

Mbambu aliinama kwa heshima akaenda ndani. Katikati ya ua hatua zake zikapungua.

Wanande huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa. Mbambu mwenyewe aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa binti wa nne wa mama yake. Kwa wavulana, Paluku ni wa pili na Kasereka ni wa nne. Kwa mama mmoja, Kasereka hawezi kuwa mkubwa wa Paluku, kama vile Alhamisi haiwezi kutangulia Jumanne. Aliyemtuma mzee yule alimpa kofia, mkongojo na machozi. Ukoo hakuweza kumpa.

Mbambu hakugeuka kumwumbua. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Oketch, nao wakamwita Monique. Aliposikia kuhusu mama yake, Monique alishika kitenge chake tayari kutoka. Mbambu akamtajia jina la mgeni na maneno yake. Monique akasimama, kitenge mkononi.

"Baba ana mkubwa mmoja tu," alisema, "naye ni Mumbere." Kisha akamshika Mbambu bega. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu mlango ulipovunjwa.

Kanisani akina mama wa kwaya walikuwa wakimaliza mazoezi. Monique alitoka katikati yao, kitambaa kichwani na kitabu cha nyimbo mkononi, akashuka nao barabarani.

Bwana Oketch alimwambia mzee kwamba chuo hakisemi wanafunzi wanakaa wapi, na kama ana ujumbe auache. Mzee alisimama bila kuutumia mkongojo. Alipiga mluzi, na wanajeshi wawili wakatoka kwenye gari lililoegeshwa chini, pembeni mwa barabara.

Walimwuliza kila mwanafunzi Monique anakaa wapi. Kila mmoja alijibu kwamba hajui, na hakuna aliyesema uongo. Mwanajeshi mmoja alimkamata Mbambu kwenye kola.

"Wewe ndiye uliyemwonyesha mwenzetu mara ya kwanza."

"Ndiyo, afande," alisema Mbambu. "Sasa sijui."

Wakamchukua Bwana Oketch.

Wakuu wa kanisa walikwenda kambini kumwombea, wakafukuzwa, wakarudi tena. Juma lililofuata aliachiliwa. Siku aliyoingia chuoni wanafunzi walipiga makofi na kugonga mabenchi mpaka vumbi likatimka. Siku hiyohiyo Nasike, mchuuzi wa vitenge kutoka Busia, alileta habari. Monique na Zéphyrin walikuwa wamevuka mpaka kwa miguu kupitia mashambani, nao wako Kisumu, wazima. Bi Loice aliyeogopa kuliko wote ndiye aliyeanza vigelegele. Akoth alimwinua Mbambu juu kama gunia la maharagwe. Watu walicheka zaidi walipoambiwa kwamba ofisa amelipata lile lori, lakini halina injini.

Kelele zilipotulia, Bwana Oketch alimwita Mbambu mbele ya wote.

"Mwenzako akikuambia anapokaa, amekupa kitu chake ukitunze," alisema. "Si chako kukigawa, hata kwa mtu anayelia, hata kwa mtu wa kwenu. Ukikosea, sema mapema. Mbambu alikosea, akasema mapema, na ndiyo maana tuliwahi."

Gharama ya yote hayo ilikuwa hii. Cherehani ya Monique ilikwenda, na zote za chuo, zilizobebwa siku ile aliyochukuliwa mkuu. Lori la Zéphyrin lilikwenda. Monique hakupata cheti chake. Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Bwana Oketch havikukunjika tena tangu atoke kambini, akajifunza upya kushika randa, kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyekufa.